Pasa Tuliyekatazwa Kumlilia

Kwa miaka minane hakuna mtu aliyeniona nikilia, na majirani zangu hapa Hewa Bora walinisifu kwa hilo. Walisema nina moyo mgumu, moyo wa kikristo. Mimi nilijua kwamba sikuwa na moyo wowote wa kusifiwa. Nilikuwa nimekatazwa, na nilikuwa naogopa.

Nilizaa mapasa. Ndivyo tunavyosema Lubumbashi kwa watoto ambao wengine wanawaita mapacha. Walikuwa wasichana wawili, wa pili alimfuata wa kwanza baada ya robo saa. Mume wangu na mimi tunatoka katika familia za kaskazini mwa Katanga. Babu zetu waliletwa huku na reli na migodi, wakawa watu wa mjini, wakabatizwa, wakasahau mengi. Lakini mapasa hawasahauliki. Siku ile shangazi ya mume wangu alikuja na udongo mweupe akatupaka usoni, mimi na watoto, na mama watu wazima wenye rozari shingoni waliimba kwenye ua nyimbo za matusi ambazo siku nyingine mtu angefukuzwa kanisani kwa kuziimba. Tangu siku ile jina langu lilipotea. Sokoni, kisimani, kwenye misa, niliitwa Mama Mapasa. Wananiita hivyo mpaka leo, hata baada ya mmoja kuondoka.

Kila kitu tulinunua viwili, pesa zikitosha. Ukimpa mmoja ndizi, unampa na mwingine. Ukimpiga mmoja, unamgusa na mwingine hata kama hana kosa, ili asione ametengwa. Wa kwanza alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamka. Wa pili alikuwa mtoto wa kutazama, anakaa kimya anakuangalia mpaka unajiuliza umekosa nini. Walilala kitanda kimoja, na asubuhi nilikuwa nakuta nywele zao zimeshikana.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona nyumbani, kwenye chumba cha mbele, na wateja wangu wengi wako komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, upande wa soko. Baba yao anafanya kazi Kambove, kwenye mgodi, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Walipokuwa na miaka tisa, mwezi wa mvua, wote wawili walishikwa na homa. Niliwapa dawa ya maji niliyozoea kuwapa. Baada ya siku mbili wa pili aliinuka akaomba bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nikasema vizuri, mwenzake atainuka kesho, kwa sababu siku zote waliugua pamoja na kupona pamoja. Kesho yake asubuhi wa kwanza aliniambia, “Mama, miko nasikia baridi. Na miguu iko nzito.” Nilimgusa kipaji. Kilikuwa na joto, lakini si joto la kutisha, au labda sikutaka liwe la kutisha. Nilikuwa na mabaya kumi na mawili ya kwaya moja, yalikuwa ya kuvaliwa Jumapili, na niliahidi kuyapeleka siku ile. Libaya, kwa asiyejua, ni blauzi ya kitenge ambayo mama wa kwetu anavaa na kikwembe kiunoni. Nilimfunika blanketi, nikamwambia mdogo wake, “Kaa na mwenzako. Musitoke kwa parseli mupaka nirudi.” Parseli ni kiwanja cha nyumba na ua wake.

Niliondoka saa mbili asubuhi. Kule Kenya mama mmoja alisema mikono yake imebana, mwingine alitaka shingo iongezwe upana, nikaomba mashini ya rafiki nikakaa nikarekebisha. Nilicheka nao. Nakumbuka wazi kwamba nilicheka. Niliporudi ilikuwa saa tisa alasiri. Mtoto alikuwa amelala macho wazi na hakunijibu. Nilimbeba mgongoni juu ya pikipiki ya kukodi mpaka kituo cha afya. Waganga wa kituo walijaribu, sina lawama juu yao. Walisema malaria imepanda kichwani na damu imekwisha mwilini. Jua lilikuwa bado halijazama alipokata roho.

Nilifungua kinywa. Shangazi alikuwa amefika nyuma yetu na yule mtoto wa pili, akanishika mdomo kwa mkono wake wote. Bado nasikia harufu ya kitunguu kwenye vidole vyake.

“Hapana kulia,” aliniambia sikioni. “Pasa hafi. Anarudia kwao tu. Ukilia, na huyu mwingine atamufuata. Unasikia? Atamufuata.”

Nilimtazama huyu mwingine, amesimama mlangoni na viatu miguuni. Nikafunga kinywa.

Kwenye kilio hapakuwa na kilio. Waliimba nyimbo zile zile za siku ya kuzaliwa kwao, wakapiga ngoma, wakacheza. Wanawake waliponiona macho yanajaa waliniongezea sauti masikioni. Wanaume walienda makaburini pamoja na mume wangu, aliyefika usiku kutoka Kambove. Mimi, mama wa mapasa, nilibaki nyumbani kama desturi ya ukoo inavyotaka. Mume wangu aliporudi kutoka kuzika alikaa mbele yangu, matope bado kwenye suruali, akaniuliza jambo moja tu.

“Alipozidiwa ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa hapa,” nilijibu.

Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Mambo yaliyofuata hayana mengi ya kusimulia. Nilishona. Kitu kama donge kilikaa kooni mwangu, na kwenye misa sikuweza kuimba. Nilifungua mdomo pamoja na wengine na hakuna kilichotoka. Daktari alinitazama koo akasema ni zima. Binti yangu alikua akawa msichana mrefu, mwenye adabu, asiyesema. Aliniangalia. Nikigeuka kutoka kwenye mashini namkuta mlangoni ananiangalia uso, halafu anaondoka. Nilidhani ananihukumu, kwa sababu yeye peke yake nyumbani alijua kwamba sikuwa hapa.

Mwaka jana, mwisho wa Oktoba, parokia yetu iligawa vikaratasi kama kila mwaka, kwa ajili ya siku ya marehemu wote. Unaandika majina ya watu wako waliokufa, unaweka kwenye kikapu, padri anawaombea. Kila mwaka niliandika baba yangu, mama yangu, kaka yangu, basi. Mtoto sikumwandika, kwa sababu pasa hafi. Mwaka jana, sijui kwa nini, nilikiweka kikaratasi juu ya meza ya kushonea, nikaandika wale watatu, na mkono ukaendelea. Niliandika jina lake. Lilikuwa na herufi chache tu. Nililitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui ni cha nani. Pembeni yake nikaandika neno moja: alikufa.

Kikaratasi kilikuwa kimejaa. Nikavuta karatasi ya kaki, ile kubwa ninayokatia patroni za nguo, nikaendelea kuandika juu yake kwa kalamu ya kuchorea.

Nilianza kwa Kifaransa, kwa sababu shuleni ndicho tulichofundishwa kuandika. Niliandika mistari mitatu, ikawa kama barua ya kuomba kazi. Nikajaribu Kiswahili cha kanisani, kile cha misale. Hapo mtoto wangu akawa malaika mara moja, mimi nikawa Mama Maria chini ya msalaba, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli. Mwishowe niliandika maneno kama yanavyotoka kinywani mwetu nyumbani, Kiswahili cha Lubumbashi ambacho hakuna aliyewahi kunionyesha kimeandikwa. Sikujua hata maneno mengine yanaanza na herufi gani. Niliandika *miko nasikia baridi* na nikaweka kalamu chini, kwa sababu ilikuwa sauti yake. Hapa ninapowaandikia ninyi nimekinyoosha Kiswahili hicho kidogo, ili wasomaji wa mbali wanielewe. Kwenye karatasi ya kaki hakijanyooshwa.

Siku ya kwanza niliandika kwamba nilitoka nyumbani kwa saa moja. Kalamu ilikubali bila shida. Niliandika kwamba mwenzake alikuwa ameketi kando yake anampepea, na kwamba niliporudi bado alinitambua, akanishika kidole. Nilisoma nikaona ni hadithi nzuri. Kesho yake donge kooni lilikuwa kubwa zaidi, hata uji ulipita kwa taabu. Nilichukua karatasi ile nikaichoma kwenye mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, nikachukua nyingine. Niliandika: niliondoka saa mbili, nilirudi saa tisa. Niliandika yale mabaya kumi na mawili. Niliandika kwamba nilicheka. Niliandika kwamba baba yake aliniuliza na mimi nilidanganya. Kuandika jambo hilo la mwisho kulinichukua siku nne. Kila nilipofika hapo nilikumbuka kazi nyingine ya kufanya, nikaenda kufua, nikaenda kuchagua mchele.

Kuhusu mwenzake kumpepea, hapo niliacha kama nilivyoandika mwanzo. Sikuwepo, ningejuaje? Nilitaka iwe hivyo.

Nilikunja karatasi zile, zilikuwa sita, nikaziweka chini ya patroni nyingine, nikidhani hapo hakuna mkono ila wangu unaofika. Nilisahau kwamba binti yangu alikuwa ameanza kunisaidia kukata nguo. Jumamosi moja, mchana, nilikuwa kwenye ua napepeta unga. Nilimtuma akanitolee patroni ya sketi. Alikawia. Niliingia nikamkuta amesimama, karatasi imefunguka mpaka magotini mwake.

“Mama, hii njo nini?”

Nilinyoosha mkono nimnyang’anye. Alirudi nyuma.

“Uliandika mi nilikuwa kando yake,” alisema. “Uliandika nilikuwa namupepea.”

“Njo nilifikiri…”

“Sikukuwa kando yake.”

Alikuwa na miaka kumi na saba, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa.

“Nilikuwa inje. Nilikuwa naruka kamba. Nilivaa viatu vyake, vile vya mupya, juu yeye hakukuwa anaviona. Aliniita. Nikaenda. Akasema, enda kwa jirani apigie mama simu. Nikamwambia, mama alisema tusitoke kwa parseli. Nikarudia kwa kamba. Akaniita tena. Nikasikia, mama. Nilisikia muzuri kabisa. Sikuenda.”

Nilikaa chini, palepale juu ya vipande vya vitambaa.

“Miaka yote hii,” nilisema, “ulikuwa unafikiri ni wewe?”

“Nani angeniambia siyo mi? Hakuna muntu alisema kitu. Mulikuwa munaimba tu.”

Nilimwambia kwamba alikuwa mtoto. Nilimwambia ni mimi niliyempa lile neno la kutotoka, na kama alilitii, kosa ni la aliyelisema. Nilirudia maneno hayo mara nyingi, na niliona hayamwingii, yanapita juu yake kama maji juu ya nailoni. Aliendelea kutazama karatasi. Halafu alisema jambo ambalo bado naliona gumu kuliandika.

“Siku ile shangazi aliniambia, mama yako akilia, na weye utakufa. Kwa hiyo nilikuwa naangalia macho yako. Kila siku, mama. Ukikata kitunguu nilikuwa nakimbia kwa choo najifungia, nahesabu mupaka unamaliza. Ulipougua macho ule mwaka, nilisema basi, njo sasa.” Akavuta pumzi. “Nimechoka kungoja. Lia tu. Kama nitakufa nikufe.”

Sikuweza kuzuia. Ilinitoka sauti ambayo sikuijua, kama ya mnyama, na jirani aligonga bati kuuliza kuna nini. Binti yangu alipiga magoti akanishika kichwa, akatetemeka mwili mzima, na nilielewa kwamba hakuwa ananituliza. Alikuwa anasubiri kufa. Tulikaa hivyo mpaka sauti ikaisha. Alikuwa bado anapumua. Alijigusa shingo, akajigusa kifua, akanitazama kwa mshangao. Kisha na yeye akalia.

Ningependa kusema kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Wiki ya tatu baada ya siku ile, mvua zikiwa zimekolea, binti yangu aliamka na homa.

Nilimgusa kipaji. Sikumpa dawa ya maji. Sikufunga hata mlango wa nyumba. Nilimpakia kwenye pikipiki, nikapanda nyuma yake nimemkumbatia, tukaenda kituo kile kile cha afya, kwa sababu hakuna kingine karibu. Walimpima, wakamwekea serumu mshipani, wakasema ni malaria. Neno lile lile. Niliketi kando ya kitanda chake na sikuondoka, hata kwenda chooni nilimwomba muuguzi anishikie nafasi. Vitambaa vya arusi ya watu vilibaki mezani bila kukatwa, na walinitukana kwa simu mpaka chaji ikaisha.

Shangazi alifika mchana. Sasa ni bibi, anatembea na fimbo. Habari za kulia kwangu alizipata kwa majirani na alikuwa ameacha kuja kwetu. Alisimama mwisho wa kitanda.

“Nilikuambia,” alisema. “Ulifungua mulango.”

“Eko na malaria, shangazi. Kila muntu anapata malaria.”

“Na ule wa kwanza alikuwa na nini?”

Alikaa kwenye benchi, akatoa rozari. Shanga zilikuwa zinagongana vidoleni mwake. Baadaye, bila kunitazama, akasema, “Mama yangu alizaa mapasa nyuma yangu. Mumoja alikufa, mama akalia wiki muzima. Wa pili alimufuata. Mi niliona na macho yangu. Miye njo nilikuwa namubeba mugongo.” Akarudi kwenye sala zake. Kwa miaka minane nilikuwa nimeuchukia mkono ule ulionifunga mdomo. Nilimwangalia akiwa pale, mdogo ndani ya kikwembe chake, nikaona hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu kuliko mimi.

Siku ile niliapa moyoni kwamba mtoto akizidiwa nitakwenda kuchoma karatasi zote. Nasema ukweli. Imani yangu kwenye kalamu ilikuwa ndogo namna hiyo.

Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu aliomba chai. Kisha akaniomba daftari na kalamu, kwa sababu, alisema, alipokuwa na homa alikumbuka rangi ya kamba. Ilikuwa ya bluu, kipande cha kamba ya kuanikia nguo. Alitaka kuiandika kabla haijapotea. Tangu hapo anaandika na yeye. Yeye anaandika Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, haraka haraka, bila kufuta. Tunabadilishana. Ananisahihisha: mimi niliandika robe, gauni lake, ya kijani, yeye anasema ya njano. Mimi niliandika kwamba mwenzake alikuwa anapenda kucheka, binti yangu aliandika kwamba mwenzake alikuwa mwizi wa sukari na alimsingizia yeye, na nilipigwa na butwaa, kwa sababu ni huyu aliyebaki niliyekuwa nampiga kwa ajili ya sukari ile, halafu namgusa mwingine kidogo tu ili asijione ametengwa. Kwa miaka minane tulikuwa na marehemu mtakatifu. Polepole tukapata mtoto.

Ilibaki baba yao. Alirudi kwa likizo ya Noeli. Ningeweza kunyamaza; binti yangu alisema, “Mama, usimuambie kama hautaki.” Lakini nilikuwa nimeandika, na kitu kikishaandikwa kinakukalia mbele. Asubuhi moja, baada ya chai, nilimpa karatasi ya nne, ile yenye saa mbili na saa tisa. Alivaa miwani. Anasoma taratibu, mdomo unafuata maneno. Nilisimama nikishika kiti.

Alimaliza, akakunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani.

“Nilikuuliza,” alisema.

“Uliniuliza.”

“Mara moja tu nilikuuliza.”

“Njo vile.”

Hakupaza sauti. Aliingia chumbani, akafunga mkoba wake, akaondoka kurudi Kambove siku ile ile, wiki moja kabla ya likizo yake kuisha. Mwisho wa Januari hakuja. Mwisho wa Februari hakuja. Alituma gunia la makala kwa dereva wa lori, na salamu kwa binti yake peke yake. Nilishona, nikaandika, nikajiuliza kama nilimwambia kwa ajili yake au kwa ajili ya koo langu. Sijapata jibu. Donge lilikuwa limetoka kweli, nilikuwa nimeanza kuimba tena kwenye misa, sauti ya chini, na wakati mwingine niliona aibu kwamba mimi nimepona na yeye nimempa ugonjwa.

Binti yangu alinakili kurasa zake, za kamba na viatu, akampa dereva ampelekee. Sijui baba yake alifanya nini nazo.

Alikuja mwezi wa Machi, siku ya kawaida, si mwisho wa mwezi. Aliweka mkoba mlangoni. Alikaa mezani, nikampakulia, akala. Baada ya kunawa alisema, “Sikuweza kukaa na weye kwa meza moja. Sasa nimejaribu, naona naweza. Usiniulize zaidi.” Sikumwuliza. Tunaishi hivyo. Kuna siku anazungumza nami vizuri kuliko zamani, na kuna siku ananitazama mkono nikimpa sahani kama mtu anayesoma saa.

Binti yangu ndiye aliyetaka kuona kaburi. Mimi sikuwahi kufika huko, yeye pia. Tulingoja mvua zipungue, tukaenda watatu, baba yake mbele kwa sababu yeye ndiye aliyezika. Nyasi zilikuwa zimetufika kifuani. Alisema ni safu ya sita kutoka kwenye ukuta, kisha mjakaranda, kisha hatua kumi. Mjakaranda ulikuwa umekatwa, tukaona kisiki, labda ndicho, labda siyo. Msalaba aliouweka ulikuwa wa chuma, wenye jina. Misalaba ya chuma hakuna tena pale. Imeng’olewa yote ikauzwa kwa wanaonunua vyuma chakavu. Juu ya makaburi ya zamani wamezika wengine. Mlinzi wa makaburi alituuliza namba. Hatukuwa na namba.

Mume wangu alirudi kwenye ukuta akaanza kuhesabu upya. Alihesabu mara tatu. Mara ya tatu alisimama katikati ya nyasi, mikono imening’inia, akasema kwa sauti ndogo, “Nilimuweka hapa. Na mikono yangu nilimuweka hapa.” Nilimkaribia. Sikumshika, kwa sababu sikujua kama anataka. Nililia, na yeye aliniona nikilia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto wetu afe. Binti yangu alitutazama sote wawili bila kukimbia.

Tulirudi kwa miguu, njia yote. Karibu na soko binti yangu alianza kusema juu ya sukari, jinsi mwenzake alivyokuwa anailamba kwa kidole na kufunika kopo kwa uangalifu. Baba yake alisema hakuijua hiyo. Alisema yeye anakumbuka jinsi mtoto yule alivyokataa kuamka siku ya komunyo ya kwanza, mpaka akambeba amelala na viatu vyeupe mpaka mlangoni mwa kanisa. Nikasema hapana, hakukuwa na viatu vyeupe, vilikuwa vya kuazima na vilikuwa vya kahawia.

“Vyeupe,” alisema mume wangu.

“Vya kahawia, baba,” binti alisema. “Mi nilikuwa na vyeupe. Yeye alilia mupaka kanisani.”

Tulibishana hivyo kwa sauti kubwa, kati ya watu, mpaka tukafika kwenye parseli yetu.